Paa Lililovuja Bila Mvua

Watu hucheka nikisema nimestaafu. Wanautazama uso wangu na kuniuliza nimestaafu nini, kuruka kamba? Lakini neno jingine sijalipata. Daktari wa macho alinimulika kwa kitochi chake, akasema weupe wa mapaa umeniumiza macho, na nikiendelea kupanda iko siku nitashuka ngazi kwa kupapasa. Basi nimeshuka. Kamba yangu na brashi zangu za waya zimeshapata mwenyewe, na wengine mnaanza mwezi huu. Fundi Rajabu ameniagiza niwaandikie. Nilimwambia mimi ni wa darasa la saba na naandika polepole. Akasema, "Vizuri, nao watasoma polepole."

Habari za mshahara sitaziandika. Mnaoujua hamna haja ya kuambiwa, na msioujua mtaujua mwisho wa mwezi.

Siku ya kwanza tulikaa kwenye benchi katika kile chumba cha ofisi ya mradi wa kupaka mapaa, tukiwa tumezungukwa na ndoo. Injinia Doreen alisimama mbele yetu akiwa ameshika kipande cha bati, nusu kimepakwa na nusu kitupu. Alisema rangi hii si kama rangi nyingine nyeupe, na wala si chokaa. Inafanya kazi mbili. Mchana inalirudisha jua lilikotoka. Halafu joto dogo linalobaki kwenye bati inalitupa juu, nalo linapita hewani na kwenda zake angani, mbali kabisa, halirudi. "Na hii kazi ya pili," alisema, "haina mapumziko. Mchana na usiku."

Niliitikia kwa kichwa kwa sababu wenzangu waliitikia. Nilipokuwa narudi nyumbani nilitazama juu, nikajaribu kuona njia ya joto. Joto la jiko najua linakwenda wapi, linakwenda kwenye ugali. Hili la kwenda angani sikulielewa, na nikaona aibu kuuliza. Ningeuliza siku ile, huenda nisingekuwa na mambo haya ya kuandika leo.

Fundi Rajabu ndiye aliyenifundisha kupanda. Kwao ni watu wa mabati tangu zamani. Babu yake alifua vibatari, baba yake akafua ndoo na mabomba ya maji ya mvua. Alinifundisha kukanyaga kwenye mstari wa misumari, bila viatu. "Chini ya msumari kuna mbao," alisema. "Ukikanyaga msumari umekanyaga mbao. Ukikanyaga katikati, utamwamkia mwenye nyumba ukitokea juu." Alinifundisha kuanza mapema, maana saa sita bati tupu linachoma nyayo. Na alinifundisha kipimo chake. Kabla ya kupaka, ingia ndani mchana, simama juu ya stuli, sogeza kiganja karibu na bati. Ukimaliza kupaka na rangi ikikauka, rudi saa ileile ufanye vilevile.

Mara ya kwanza nilipofanya kipimo cha pili, nilisogeza kiganja kidogokidogo nikingoja kuungua. Sikuungua. Nikasogeza tena mpaka nikaligusa bati lenyewe, na jua liko juu yake, likawa kama ubavu wa mtungi wa maji. Niliondoa mkono haraka kama mtu aliyeungua. Fundi alicheka sana. Mimi sikujua nimeogopa nini. Nadhani niliogopa kukosa moto mahali ambapo moto ulipaswa kuwepo.

Mambo ya kuchanganya yalikuwa mengi, nataja mawili. Kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi. Wakija rangi ikiwa mbichi, paa zima linakuwa kama limenyunyiziwa pilipili manga, na hakuna dawa ila kungoja likauke, kukwangua na kupaka upya. Kabla ya kufungua ndoo, tazama ziwa kwanza. Na kuna mama mmoja aliyeona paa jeupe la zege tulilolipaka kwenye nyumba ya jirani yake, safi kuliko mchanga wowote, akaomba aanike dagaa pale. Jioni alikuja na ungo. Dagaa walikuwa wamekauka mgongoni, tumboni wabichi. "Nyie watoto," alisema, "jua la pale juu mmelifanya nini?" Fundi alijibu, "Mama, tumelirudisha." Yule mama aliangalia ungo wake, akamwangalia fundi, akaondoka bila kuaga.

Sasa nije kwenye paa lenyewe.

Lilikuwa Pasiansi, hapahapa Mwanza, kwenye mteremko, nyumba iliyobanwa na mawe makubwa mawili. Mawe yale yanakula jua mchana kutwa. Mwenye nyumba ni Mzee Masalu, aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye kivuko cha Kamanga, kile kinachovusha watu kwenda upande wa Sengerema, kufunga kamba na kupanga magari. Kiharusi kilimchukua mguu na mkono wa upande mmoja. Ulimi kilimwachia, na macho. Alilala kitandani katika chumba kisicho na dari, chini ya mabati mapya yanayong'aa ambayo wanawe walimwezekea kwa heshima. Mchana chumba kile kilikuwa kama tanuri.

Mkewe tulimwita Mama Kulwa, kwa jina la mmoja wa wanawe mapacha, Kulwa na Doto. Alikuwa fundi cherehani, alishonea barazani. Alituita ndani, akazungumza kwa sauti ya chini ingawa mumewe alikuwa anasikia kila kitu.

"Kulwa na Doto wanakuja kumchukua baba yao," alisema. "Wanasema chumba hiki kinamuua. Kule Sengerema kuna nyumba ya nyasi ya marehemu mama mkwe wangu, ina baridi. Lakini anayemnyoosha mguu yuko hapa, wateja wangu wako hapa, nyumba yangu ni hii. Nikikataa wanasema napenda cherehani kuliko mume. Nimewaambia wanipe muda nijaribu rangi yenu. Chumba kikipoa, anabaki. Kisipopoa, naondoka naye au anaondoka peke yake. Sasa fundi, kitapoa?"

"Kitapoa," alisema Fundi Rajabu.

Mzee alinitazama mimi. "Na huyu binti, anaongea au anapaka tu?"

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Hilo neno nitalitunza, huenda lisirudi."

Tulipaka. Wadudu hawakuja, upepo ulikuwa mzuri. Rangi ilipokauka nilipanda juu ya stuli mchana nikaweka kiganja, na Mama Kulwa akapanda baada yangu akaweka chake. Alishuka akakaa juu ya stuli ileile, akajipepea kwa mkono ingawa hakukuwa na joto. Mzee alilala mchana ule. Mama alisema hajawahi kumwona akilala mchana tangu augue. Tulikusanya ndoo kwa kunyata.

Baada ya siku chache Mama Kulwa alikuja ofisini asubuhi, hakukaa.

"Paa linavuja."

Fundi alitazama nje. Ilikuwa kiangazi. Vumbi lilikuwa limetanda barabarani.

"Linavuja nini, mama?"

"Maji. Alfajiri. Yanamdondokea usoni."

Tulikwenda. Blanketi lilikuwa na madoa ya maji, hilo tuliliona kwa macho. Bati lilikuwa kavu, jua lilikuwa limeshapanda. Tulikagua kila msumari, tukaziba kila kichwa cha msumari kilichotutia shaka. Hatukuona tundu. Usiku uliofuata maji yakadondoka tena. Fundi akaamua kuna vitundu vidogo kuliko jicho, tukapaka mkono wa pili wa rangi, mzito. Siku mbili mawingu yalifunika anga yote na halikudondoka hata tone. Mama Kulwa alituletea chapati. Siku ya tatu anga ilisafika, nyota zote zikatoka, na alfajiri maji yakamdondokea Mzee kwenye paji la uso.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa akili yangu. Paa linalovuja huvuja kukiwa na mawingu. Hili lilivuja anga ikiwa safi, likakauka anga ikiwa nzito. Nilimwuliza fundi, na mimi kuuliza ni jambo kubwa. Alikuna kichwa. Akasema labda ni ukungu wa ziwa unaoingia kwenye ile nafasi kati ya ukuta na bati. Basi tukaziba nafasi ile pande zote kwa viroba na saruji, hata panya asipite.

Ikazidi. Sasa hayakuwa matone ya hapa na pale. Mama Kulwa alisema ni kama mtu anakung'uta mkono uliolowa juu ya kitanda.

Na kumbukeni mnaosoma, kila tulichofanya kilikuwa kazi nzuri. Misumari ilizibwa vizuri. Mkono wa pili ulikaa vizuri. Saruji ilinyooka. Tulivyozidi kufanya vizuri, ndivyo mgonjwa alivyozidi kulowa.

Kulwa na Doto walifika Ijumaa. Kulwa ndiye mwenye maneno, Doto ndiye wa kuitikia. Kulwa alisimama katikati ya chumba, akatazama juu.

"Fundi, hapa mmepaka rangi au mmepaka wingu?"

"Wingu," alisema Doto.

"Nje vumbi, ndani masika. Nimeona mengi Mwanza hii, lakini kulipa mtu akuletee mvua chumbani sijaona."

Nilimtazama Fundi Rajabu. Nilimwona akiangalia saruji yake. Kulwa alisema kesho gari litakuja, watavuka na baba yao mchana. Mama Kulwa hakulia. Alikwenda barazani akaanza kushona kitu ambacho hakikuwa cha mteja yeyote, mshono mmoja huku na huku juu ya kitambaa kilekile. Mzee alikuwa ameelekeza uso ukutani. Nilidhani anahuzunika.

Tulipotoka, fundi aliniambia, "Binti, sisi tunakuja mchana siku zote. Mchana bati limeshakauka, linatudanganya. Kesho wewe wahi kabla jua halijatoka. Mimi nikimaliza kuswali nakufuata."

Nikawahi. Mama Kulwa alinifungulia, wanawe walikuwa wamelala sebuleni. Nilipanda juu ya stuli na tochi. Nilikuwa natafuta tundu, kwa hiyo nilitegemea kuona mstari wa maji unaotoka mahali. Hakukuwa na mstari. Bati zima kwa chini lilikuwa limejaa vitone, sawasawa, kila mahali, kama ngozi. Nilifuta sehemu moja kwa kiganja ikawa kavu. Nikangoja mkono ukiwa juu, mpaka bega likaanza kuuma. Pale pakavu pakaanza kupata ukungu, halafu vitone vidogo kama vichwa vya sindano. Hakuna maji yaliyopita popote. Yalizaliwa palepale.

Nilitoka nje nikaegemeza ngazi, nikalishika bati kwa juu. Nalo lilikuwa limelowa, na baridi yake haikuwa baridi ya hewa. Hewa ilikuwa ya kawaida, mimi nilikuwa na blauzi tu. Bati lilikuwa kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji na kuwekwa mezani. Na chupa ya soda hulowa nje, haijatoboka. Nilikaa pale kwenye ngazi. Ndipo maneno ya siku ya kwanza yakanirudia, kwamba kazi ya pili haina mapumziko, mchana na usiku.

Basi usiku kucha, jua lisipokuwepo, paa liliendelea kutupa joto angani kwa sababu ndiyo kazi tuliyolipangia. Mawingu yakiwepo yanalizuia kidogo. Anga ikiwa safi linatupa yote, linakuwa baridi kuliko hewa, na pumzi za watu wawili na mvuke wa chumba vinaligandia kwa chini na kudondoka. Na sisi tuliziba njia pekee ambayo mvuke ule ungetokea. Hivyo ndivyo ninavyolielewa leo. Asubuhi ile nilielewa nusu tu, na nusu ile ilinitosha kuogopa, maana ilibidi niiseme mbele ya watu.

Niliingia. Wote walikuwa wameamka.

"Halivuji," nikasema.

"Rudia," alisema Kulwa, "na bati nalo lisikie."

"Halivuji. Linatoka jasho. Ni kama chupa ya soda. Linapoa sana. Tufungue pale juu ya ukuta hewa ipite, tuweke kitu chini yake maji yateremkie ukutani, halitamdondokea."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa pumzi moja. Kulwa alimtazama Doto, na Doto akatazama bati. Halafu tukasikia kicheko kidogo kutoka kitandani.

"Mwangaluka, binti," alisema Mzee, kwa salamu ya Kisukuma ya asubuhi. "Kumbe unaongea. Kivuko chetu nacho kilikuwa hivyo. Chumba cha chini, alfajiri, bati la juu linatoka jasho. Tulikuwa tunalala tumefunika uso kwa kofia."

Mama Kulwa aligeuka polepole. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu tone la kwanza."

"Masalu. Nimetandika na kutandua. Nimewabembeleza hawa watoto. Fundi wa watu ametukanwa ndani ya nyumba yangu. Mbona hukusema?"

Nilitaka kutoka, lakini mlango ulikuwa nyuma ya Kulwa.

"Kila mtu alikuwa anahangaikia paa," alisema Mzee. "Ulipanda mwenyewe juu ya stuli, ukashuka unafurahi. Niliona aibu kusema sitaki paa. Lilipoanza kudondoka nikasema basi, litanisemea." Akamgeuzia mkewe uso, akasema, "Mama Kulwa, mimi Kamanga nimefika kila siku ya kazi. Nafungua kamba, magari yanashuka, watu wanakwenda kwao, mimi nageuka na kivuko. Nyumba ya mama iko pale mbele, mimi nageuka. Nataka kufika safari moja nisigeuke."

Fundi Rajabu alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na kofia yake ya kuswalia, amesikia la mwisho tu. Alinitazama kama anayeuliza tundu liko wapi. Nilitikisa kichwa.

Mama Kulwa alikaa kitandani, miguuni pa mumewe. Baadaye akasema, "Kulwa, niletee viroba vitupu vyote vilivyoko jikoni."

"Vya nini, mama? Si tunaondoka?"

"Siachi nyumba inayodondosha maji."

Alishona asubuhi yote. Viroba vikaunganishwa mpaka vikawa dari moja kubwa. Mimi na fundi tulibomoa saruji yetu wenyewe, tukaacha hewa ipite, tukalitundika lile dari kwa mteremko. Doto alitushikia ngazi. Kulwa alimwomba fundi msamaha kwa namna yake, akamwambia, "Fundi, wingu lako lina kazi nzuri." Mchana walivuka. Mama Kulwa alikwenda naye. Nilibeba kichwa cha cherehani mpaka kwenye kivuko, na Mzee akapandishwa na vijana ambao yeye ndiye aliyewafundisha kufunga kamba. Mama aliniambia, "Paa lako zuri, mwanangu. Basi tu." Nikasema shikamoo, ingawa tulikuwa tunaagana.

Nilipomsimulia Injinia Doreen, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Lakini si niliwaambia siku ya kwanza?" Ni kweli alituambia. Siku hizi anawaambia na habari ya jasho, kwa hiyo nyinyi mtaitikia kwa kichwa mkiwa na sababu.

Chumba kile sasa amepanga muuguzi anayefanya kazi za zamu. Analala mchana chini ya dari la viroba, na anasema Pasiansi nzima hakuna chumba kama kile. Ndilo paa zuri kuliko yote niliyopaka, na tuliyempakia halali chini yake. Nimejiuliza sana kama kazi ile tuiite imefaulu au imeshindwa. Fundi Rajabu anasema imefaulu, kwa sababu bati limepoa. Mimi sijui.

Jambo linalonichanganya zaidi ni hili. Kijana mmoja wa kivuko huniletea salamu kutoka kwa Mzee Masalu. Yuko kwenye nyumba ya marehemu mama yake, mguu haujanyooka, mvua ikinyesha nyasi zinavuja kwelikweli, na Mama Kulwa anashona chini ya mti wa jirani. Na kila salamu inakuja na swali lilelile: "Muulize yule binti asiyeongea, bati langu bado linatoka jasho alfajiri?" Alitaka kuliacha, akaliacha. Sijui kwa nini analiuliza.

Siku yangu ya mwisho kazini haikuwa na paa la kupaka. Niliomba ngazi, nikaenda Pasiansi kabla jua halijatoka, muuguzi alikuwa zamu. Nikapanda kwenye mstari wa misumari, bila viatu, nikaweka kiganja, kikalowa. Kisha nikashuka mpaka kwenye kivuko, nikamngoja yule kijana, nikamwambia mwenyewe, kwa sauti ya kusikika, "Mwambie bado linatoka jasho."